Kanga Niliyolalia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilijibanza nyuma ya jiko langu mwenyewe pale Lipangalala, nikiichungulia nyumba yangu kama mwizi wa kuku. Na nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, mtu mzima na heshima zangu.

Tumaini, mtoto pekee niliyemzaa, nilimpata katika umri ambao kliniki waliniita bibi. Alipotimiza miezi minne nikarudi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kazi niliyoipenda. Kikwazo kilikuwa kimoja: maziwa niliyomkamulia aliyakataa. Akiona kikombe anageuza uso. Nikaapa kwamba akiendelea hivyo wiki nzima, naacha kazi.

Mama mkwe akaja kutoka Mofu kunisaidia, na jirani yetu Mama Kulwa, Msukuma mwenye ng'ombe, akawa anashinda naye. Hapo maajabu yakaanza. Kila jioni namkuta mtoto ameshiba, anacheka. Nikiuliza amekunywaje, mama mkwe anajibu, "Kanywa tu." Na kanga yangu ya kulalia, niliyoitupa kitandani asubuhi, naikuta imekunjwa vizuri, ina madoa ya maziwa.

Mimi udadisi nimezaliwa nao. Hata mashine ikibadilisha mlio kidogo, situlii mpaka nijue kwa nini. Nesi alishasema maziwa ya mama tu, basi nikawafikiria wale ng'ombe wa Mama Kulwa, nikamhukumu kimoyomoyo kwamba anampa mtoto maziwa yao.

Siku hiyo nikaaga kazini saa nne, nikasingizia kichwa. Nikachungulia. Mama mkwe amekaa mkekani, amejifunga kanga yangu. Tumaini yuko kifuani pake, pua ameizamisha kwenye kanga, na Mama Kulwa anamnywesha maziwa yangu kidogo kidogo, kimya, asije akamshtua. Niliona aibu, mwanangu.

"Toka huko, Mama Tumaini," mama mkwe akasema. "Si ungeuliza?"

"Niliuliza, mama. Ukasema kanywa tu."

Akamweka mtoto vizuri kifuani. "Kweli. Huyu anakutafuta sana. Analia mpaka apate harufu yako. Tuliona ukijua hivyo, kesho huendi kazini."

Nikalia. Nikamwomba Mama Kulwa radhi kwa niliyomwazia. Akacheka, akamfuta mtoto mdomo, akaniambia nirudi kwenye mashine yangu. Nikarudi, na sikuiacha mpaka Tumaini alipomaliza shule.

Sasa na wewe umezaa mvi zimeshaanza, Jumatatu unarudi ofisini, na unaniuliza kama utaweza. Utaweza, ila si peke yako. Wanaokulelea mtoto waulize mpaka wakujibu, hata jibu likiuma. Usiwahukumu kwa kuchungulia. Na wakikupa mikono yao, ipokee bila haya, kwani kuzaa ukubwani si kosa la kuficha.

Mungu akubariki, amkuze mwanao, akupe watu wa kumpokea kila unapotoka. Na hiyo kanga utakayolalia Jumapili, usiifue.