Kurasa za Herufi G

Naungama: kwa wiki tatu niliwafundisha wafanyabiashara wa Kalemie Kiingereza cha kubuni. Kamusi yangu ya Kiingereza na Kifaransa, niliyoinunua Kigoma enzi za kutangatanga, haikuwa na kurasa za herufi G, na sikutaka mtu ajue.

Jumamosi Papa Kabwe, mwenye chumba cha masomo, alikuja kusikiliza kabla ya kuamua kama nitabaki. Nikajitanua. Nikasema "gargle", yaani kusukutua koo, ni jina la daktari fulani. Na "gargoyle", ile sanamu inayotema maji ya mvua kwenye paa la kanisa, ni jina la fundi aliyeichonga.

"Hapana, Mwalimu," akasema mwanafunzi wangu Mama Feza, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. "Ayo maneno ni ndugu. Yote mbili yametoka kwa neno moja la Kifaransa cha zamani, maana yake njo koo. Sanamu inatema maji kwa koo yake."

Nikapigwa na bumbuazi. Koo moja limezaa sanamu na mgonjwa anayesukutua! Miaka ishirini nilitafuta maajabu ng'ambo ya ziwa, kumbe yalikuwa sokoni kwetu.

"Umejulia wapi, Mama?" Papa Kabwe akauliza.

"Kwa karatasi ya kufungia samaki. Mimi ninasoma kwanza, kisha ninafunga."

Akakunjua ukurasa unaonuka ndagala. Nikaukumbuka: mwaka wa njaa nilichana kurasa hizo za G kwenye kamusi yangu nikaziuza sokoni. Pembeni palikuwa na jina langu, kwa mwandiko wangu.

Papa Kabwe akalisoma kwa sauti, kisha akampa Mama Feza chaki.