Bolti ya Mbuthia

Mimi Phares, fundi wa magari wa Shauri Moyo, niliwafokea mafundi wenzangu miaka mingi. "Bolti yenye kutu haitaki nguvu! Imwagie mafuta ya taa, ungoje!"

Ijumaa moja mwaka 1979, mimi mwenyewe sikungoja. Mbavu za mbuzi nilizoagiza zilikuwa motoni Soko la Burma, na mbele yangu ilikuwa Datsun ya karani Mbuthia, pampu yake ya maji ikivuja. Nikavuta spana kwa pupa. Bolti ikakatika, kipande kikabaki ndani ya injini.

Nikaziba pale palipovuja kwa sabuni ya kipande, nikabandika kichwa cha bolti kwa grisi, nikamwambia Mbuthia gari liko sawa. Kisha nikaenda kula.

Jumatatu alirudi, ameinamisha uso. Alifungua leso, na ndani mlikuwa na kile kichwa cha bolti.

"Nisamehe, fundi. Tulikuwa tukienda Murang'a kumzika shangazi, maji yakaanza kuvuja. Nikajaribu kukaza, nikaivunja kazi yako. Tulifika kaburi limeshafukiwa."

Nilikitoboa katikati kile kipande kilichobaki ndani ya injini, nikagongea ncha ya tupa, nikakizungusha polepole mpaka kikatoka. Nusu saa tu. Mbuthia alinishikia taa muda wote.

Nilipaswa kusema ukweli. Badala yake nikafoka, "Siku nyingine usiguse usichokijua!"

"Ndiyo, fundi," akasema, akaniomba radhi tena.