Nilimcheka Wawira Mbele ya Hedimani

Nilikosa mimi, na msinitafutie kisingizio eti nilikuwa mdogo. Nilikuwa kijana wa kunyoa ndevu tayari! Jina langu naficha kwa aibu, lakini la dadangu mkubwa aliyenilea sifichi. Aliitwa Wawira.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wa kwetu, juu huko mlimani Kianjokoma, walikuwa wamefukuzwa mashambani wakafungiwa kijiji kimoja chenye ua wa miba. Kila asubuhi homgadi, askari wenyeji wa serikali, waliwapeleka akina mama kuchimba handaki kando ya msitu. Wawira alisamehewa kazi hiyo kwa sababu alibaki na watoto wao akiwafundisha. Hedimani mwenyewe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, ndiye alimruhusu.

Na alijua nini, maskini? Darasa la pili tu. Baba alimtoa shule ili nisome mimi. Hata Kiingereza changu cha kwanza nilikipata kwake, tukiokota kuni.

Likizo moja nikarudi kutoka shule ya bweni na kaptura yangu ya kupigwa pasi. Nikamkuta anafundisha nyuma ya nyumba, hedimani amesimama hapo akitazama. Ubao wake ulikuwa mlango wa zamani, chaki yake makaa. Ameandika: The goat is eating. Chini yake: The goats is eating. Watoto wanaimba kwa nguvu.

Wueh! Nilicheka mpaka nikajishika mbavu.

"Hii ni Kiingereza gani? Mbuzi wakiwa wengi ni are! Unafundisha watoto wa watu upuuzi!"

Nilitaka hedimani aone ni nani msomi wa hiyo boma. Aliona. Akamgeukia dadangu.

"Kumbe hujui kitu? Umekuwa ukitukalia hapa bure! Kesho shika jembe kama wengine."

Wawira alifuta ubao kwa kiganja. Baadaye, tukimenya viazi jikoni, aliniambia tu, "Si ungeninong'oneza, mtoto wa mama."

Ningekimbia kwa hedimani saa hiyo hiyo nimwombe! Sikwenda. Niliona haya, nikafunga sanduku nikarudi shule.

Mvua ya mlima haina huruma. Alichimba amesimama ndani ya maji hadi kichomi kikamshika. Kutoka kijijini kwenda hospitali kulitaka kibali, na kibali kilikawia. Likizo iliyofuata nilimkuta amelala, mbavu zinahesabika. Mama alinitazama akasema, "Wewe na hiyo kizungu yako!"

Wawira akanishika mkono.

"Niambie vizuri sasa. Mbuzi wengi, tunasemaje?"

"The goats are, Wawira."

Alirudia polepole, akakohoa, akarudia tena. Kisha akasema, "Waambie watoto nilikosea. Wasiende kuchekwa huko mbele."

Nikamwahidi. Tulimzika juma hilo hilo, na watoto sikuwaambia. Ningeanzia wapi, Ngai Mungu wangu, na mama zao wananiangalia hivyo?

Nimefundisha Kiingereza mpaka nikastaafu. Kila nikifika somo hilo la is na are, nilikuwa nageukia ubao wanafunzi wasinione macho.

Wewe unayesoma hapa, aliyekulea akikosea mbele ya watu, tafadhali meza hicho kicheko. Msogelee, umnong'oneze. Mimi ningetoa Kiingereza chote nilicho nacho nimsikie Wawira akikosea tena.