Simu Niliyoishika

Enzi hizo krediti haikuchezewa. Simu yetu ya vibonye tuliitumia zaidi kuflashi: unapiga, inalia, unakata kabla mwenzako hajashika. Dada yangu alipopelekwa kujifungua hospitalini Bungoma, Mama alikubaliana hivi na mama mkwe wa dada: ikilia mara moja, wote wazima, ikilia mara mbili, Mama atoke Kitale mbio.

Asubuhi hiyo Mama alikwenda bombani kuteka maji. Aliacha simu mezani isilowe.

"Ikilia usishike. Hesabu tu."

Nilikuwa darasa la sita, mwenye haya nyingi. Hata nikitumwa dukani nilingoja wengine wanunue kwanza.

Simu ikalia. Ilitetemeka ikisogea hadi ukingoni mwa meza. Nikaidaka isianguke, kidole kikabonyeza kitufe cha kijani.

"Haro? Haro?" Ni mama mkwe. Nyuma yake mtu alikuwa analia, sikujua kama ni mtoto au mtu mzima. "Si useme, bana! Ni nani huyo?"

Ningesema tu "ni mimi". Sikuweza. Simu ikakatika.

Nikaitazama. Haikulia tena. Ni kwa sababu wote wazima, au nimemmalizia krediti?

Mama akaingia na mtungi kichwani.

"Imelia?"

"Imelia."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Haikuwa uongo. Akatua mtungi, akapiga kigelegele. Jirani akaitikia kutoka mlango wa pili: "Ati umekuwa nyanya! Leo chai tunakunywa kwako!"

Mama aliwasha stovu, akawa anaimba. Mimi nilitazama sufuria. Maji yalipoanza kuchemka nikasema, "Mama, nilishika."

Aligeuka polepole. "Ulishika nini?"

"Simu. Aliongea. Mimi sikumjibu."

Hakunipiga. Alizima stovu, akanivuta mkono, tukakimbia hadi kibanda cha kupigia simu karibu na soko. Mama alisikiliza, akasema neno moja: "Nakuja."

Mtoto alikuwa mzima. Dada ndiye alikuwa anatokwa na damu, na walitafuta ndugu wa kumtolea.

Jirani alikuja na kikombe chake, akanikuta peke yangu mlangoni.

Mama alifika, akatoa damu. Dada yuko, na yule mtoto sasa amenipita urefu. Lakini hata leo simu ikilia, mimi husema "ni mimi" kabla haijafika sikioni. Watu hucheka.