Shingo Niliyoitoa Nakuru

Juzi binti yangu alikuwa jikoni akikoroga gundi ya unga wa ngano, ya kubandikia taji la karatasi la mchezo wa shuleni. Harufu ya unga uliochemka na kuanza kushika sufuria ikanitoa nje. Nilimwambia mke wangu ni moshi umeniwasha macho. Uongo wa mtu mzima, mwenye shahada mbili.

Nikiwa darasa la saba hapa Eldoret, ndevu zetu za pamba zilibandikwa kwa gundi kama hiyo. Shule yetu ilikuwa imeingia mashindano ya drama na mchezo wa kale, wa mfalme mkali na marafiki wawili. Mmoja anahukumiwa kukatwa kichwa; mwenzake anapiga magoti na kusema, chukua shingo yangu badala ya yake. Wa kutoa shingo nilikuwa mimi. Mhukumiwa alikuwa Wafula, jirani yangu wa Yamumbi, ambaye mimi naye hatukula hindi la kuchoma bila kulivunja katikati. Madam Chelimo, mwalimu wetu wa drama, alitufundisha kwamba michezo yote ya kale ya maana ina rafiki wa namna hiyo: wengine hunywa sumu, wengine huenda uhamishoni, lakini hakuna anayekimbia. Niliamini. Nililia machozi ya kweli hata kwenye mazoezi. Nilidhani ni moyo mwema, kumbe kilikuwa kipaji tu.

Shule ilikuwa na diski, kipande cha mbao chenye kamba, kilichovalishwa shingoni mwa yeyote aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani. Uliivaa mpaka umnase mwingine. Aliyebaki nayo jioni alichapwa. Wiki ya safari ya mashindano ya Nakuru Madam akaongeza adhabu.

"Atakayekuwa na diski Ijumaa jioni asahau Nakuru," alisema. "Mimi sitaaibishwa mbele ya majaji."

Nilikuwa sijawahi kuipita Timboroa, njiani kwenda Nakuru. Na Ijumaa hiyo, saa tisa, diski ilikuwa kwangu. Niliipata kwa kumfukuza ng'ombe uwanjani kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, maana ng'ombe yule hakujua Kiingereza. Kila mtu akanikwepa.

"Leo hata ukinikanyaga nitalia kwa Kiingereza," mmoja aliniambia, na wenzake wakacheka.

Wafula hakunikwepa. Alikuwa ameketi nyuma ya jiko la shule akirudia maneno yake. Mama yake alikuwa amelazwa wiki ya pili, na nilijua vizuri kwamba Kiingereza chetu hakikuwa na maneno ya kubeba jambo lile. Nikaketi kando yake. Nikamuuliza kwa Kibukusu, polepole, kama tulivyoulizana nyumbani: mama ameamkaje?

Akajibu kwa Kibukusu. Alijibu kwa kirefu. Nadhani alikuwa amengoja siku nyingi mtu amuulize. Kwamba hali chakula. Kwamba jana mama alimwita yeye kwa jina la marehemu kaka yake. Nilimwacha amalize, kisha nikavua diski niliyokuwa nimeificha ndani ya shati.

Aliitazama. "Kumbe ulikuwa unaulizia hiyo," akasema. Halafu akainama, maana alikuwa mrefu kuliko mimi, ili nimvalishe.

Nakuru niliitoa shingo yangu vizuri. Mvulana mwingine alisimama mahali pa Wafula, ukumbi ukalia, na jaji mmoja akasema ameuona urafiki kwa macho yake. Niliporudi, mama yake Wafula alikuwa ametoka hospitali. Wafula hakunigombeza hata siku moja. Alinisalimia kila asubuhi, kwa Kiingereza.

Chuoni niliandika kurasa nyingi kuhusu urafiki katika michezo ya kale, nikapata alama nzuri. Nilichochelewa kuelewa ni kwamba katika michezo ile mfalme huja na upanga, watu wamejaa wanatazama, na rafiki anajua wazi kuwa sasa anapimwa. Mimi nilipimwa nyuma ya jiko, kwa kipande cha mbao, na shahidi wangu alikuwa Wafula peke yake.

Mwaka jana tulimzika mama yangu. Wafula alifika mapema, akabeba viti, akafunga hema, akakaa mpaka mwisho. Alipokuwa akiondoka nilimfuata getini, nikamuuliza kwa Kibukusu habari za mama yake, ambaye bado yu hai. Alinitazama kwa upole. Akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, kile cha darasani, kwamba anaendelea vizuri, asante.

Nami nikamshukuru kwa Kiingereza. Hakuna lugha nyingine aliyoniachia.