Taulo la Moto Limeniliza Leo

Jamani, leo nimelia mbele ya daktari wa mazoezi ya viungo hapa Mbeya, na wala goti halikuwa linauma.

Wiki nzima ananinyoosha goti hilo, kano zimekaza. Leo kaanza na taulo la moto. "Joto linalegeza kidogo," anasema, "ndipo tuvute."

Kabla ya kuniwekea, akaligusisha shavuni kwake kupima.

Machozi hayo!

Marehemu mama, kule Mlandege, Iringa, alikuwa anapima hivyohivyo kila akinikanda nikitoka netiboli. Na mimi namfokea, "Mama, utaniunguza!"

Daktari akashtuka. "Dada, limezidi moto?"

"Hapana. Liache hapohapo."

Goti limenyooka kuliko jana. Yeye anasema ni joto.

Haya, nyie mnasemaje?