Nyumba Niliyoijua kwa Nyuma

Mjukuu wangu wa kike ana miaka sita, na kwa muda mrefu alikuwa hataki kuongea na mama yake kwenye simu. Ijumaa mchana simu ikilia, yeye huyo msalani. Anaweza kukaa humo robo saa nzima, na joto lote lile. Mimi nasema, "Kalala." Mwanangu yuko Maskati, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, huu mwaka wa tatu, naye si mjinga. Ijumaa moja akaniuliza, "Mama, kila Ijumaa analala saa nane?" Kabla sijajibu akaongeza, "Narudi baada ya miezi miwili. Akinikimbia je?"

Hilo neno lilininyima raha. Nikamuuliza mtoto mwenyewe, kwa upole, kulikoni. Akasema, "Yule wa kwenye simu simjui."

Sikumgombeza. Mama yake alipoondoka alikuwa na miaka mitatu na kidogo. Tukitaka kusema haki, kweli hamjui.

Ndipo nikawaza Pangani. Mpaka leo sina hakika kama lilikuwa wazo zuri au ni mtu mzima kutapatapa. Nilidhani akipaona mahali ambapo mama yake alikuwa mdogo kama yeye, huenda yule wa kwenye simu akawa mtu mwenye miguu na magoti. Nikamwambia, "Nitakupeleka kwenye nyumba aliyozaliwa mama yako. Kitovu chake kimezikwa pale uani, na juu yake ukapandwa mnazi."

"Mnazi upo?"

"Upo."

Nilisema upo na sikuwa najua. Tulihama Pangani kuja Tanga mama yake akiwa na miaka tisa. Mama mkwe alipofariki nyumba ikauzwa, na mimi sikuwahi kukanyaga tena mtaa ule.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mimi, yeye, na kaka yake wa darasa la tano, ambaye anajua kila kitu. Kabla hatujafika Kigombe alikuwa ameshatueleza Waarabu walikuja lini, Wajerumani walikuja lini, na nani alimfukuza nani. Kwa hiyo tulipofika ilibidi tuanzie Boma, maana ndilo alilolisoma. Lile jengo kubwa limesimama karibu na mto, milango yake ya kuchongwa bado ipo, ingawa chokaa imebanduka mahali pengi na kuta zimeota ukoko wa kijani.

"Bibi, ni kweli watumwa walizikwa wazima kwenye nguzo ili jengo lisianguke?"

"Nimesikia hivyo tangu nilipoolewa huku. Kuona sikuona."

"Mwalimu amesema ni kweli."

"Basi mwalimu huenda anajua zaidi yangu."

Mdogo wake akaisogelea nguzo, akaweka kiganja taratibu, kama anayempima mtu homa. Nilijuta kidogo kwamba ameyasikia yale, lakini mji wenyewe ndio huo, siwezi kumwonyesha milango mizuri tu nikamficha waliopitishwa mlangoni kwa minyororo. Nikamshika mkono tukaenda kutazama kivuko kikirudi kutoka Bweni. Pikipiki zilishuka, akashuka na mbuzi mmoja ambaye aligoma katikati, watu wakamsukuma, na hapo mtoto akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kisha tukaingia mtaani kutafuta nyumba, na hapo ndipo nilipoaibika.

Nilisimama katikati ya mtaa wa maduka ya zamani, nikatazama huku na huku. Nyumba za mawe, roshani za mbao zilizoinama, milango yenye maua ya kuchongwa. Zote zilikuwa zikifanana na nyumba yetu, na hakuna hata moja niliyoweza kuapa kwamba ndiyo. Nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi. Nikagonga mlango mmoja, akatoka mzee wa Kihindi, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Nikagonga wa pili, kumbe ni ghala la mbao.

"Bibi," kaka mtu akasema, "umepotea kwenu?"

"Nyamaza wewe."

"Mimi nauliza tu."

Nilikaa kwenye baraza nikapumua, na hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Miaka yote ile niliyokaa Pangani sikuwahi kuingia nyumba yetu kwa mlango wa mbele. Nilikuja pale mwari, natokea mashambani Mwera, na mama mkwe aliniambia siku ya kwanza: barazani wamekaa wanaume, mke wa mtu hapiti mbele yao na ndoo kichwani. Tulipita nyuma, uani hadi uani, wanawake wa mtaa mzima. Nikiishiwa chumvi, nyuma. Nikienda kwenye msiba, nyuma. Nyumba za watu nilizijua kwa majiko yake na kamba zake za kuanikia nguo. Ile milango ambayo wageni wanakuja kuipiga picha, mimi niliiona labda siku ya harusi yangu, tena nimefunikwa.

Nikawaeleza. Mdogo akanisikiliza, akasema, "Basi si twende nyuma?"

Sijui kwa nini sikuliwaza mimi.

Tukaingia kichochoro kilicho kando ya msikiti. Mara miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Hapa pana jiwe, unaruka. Hapa ukuta umetokeza, unapinda bega. Jiwe lilikuwapo, ukuta ulikuwapo. Kaka mtu alijikwaa kwenye jiwe, mimi nililiruka, na kwa kweli nilifurahi kupita kiasi. Tukatokea kwenye kisima, sasa kimefunikwa bati, na ua wa makuti mbele yake.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani!"

"Karibuni, piteni, mikono yangu imejaa nazi!"

Alikuwa mwanamke wa makamo ya mwanangu, amekaa kwenye mbuzi anakuna. Watoto wakamwamkia shikamoo, naye akaniamkia mimi. Kwa lafudhi tu nilijua ni mtu wa Pemba. Nilipomweleza tulichofuata aliweka nazi chini, akafuta mikono.

"Kitovu! Basi nyinyi ndio wenyewe, mie mgeni. Tazameni mpaka mchoke. Mie nimeikuta minazi hii, yote miwili."

Miwili. Nilikuwa nimeisahau hiyo miwili.

Mmoja umenyooka, mrefu, umezaa vizuri. Wa pili uko upande wa kisima, umepinda kiunoni kama mtu anayetafuta kitu chini, na una nazi chache. Mwaka aliozaliwa mwanangu, wifi yangu naye alijifungua mle mle ndani. Mama mkwe alizika vitovu vyote viwili, akapanda miche miwili. Mimi nilikuwa ndani, sijatimiza arobaini. Nilipotoka nilikuta miche imeshasimama. Niliambiwa upi ni wetu, lakini nilikuwa na usingizi wa mzazi, nikaitika tu, na baadaye niliona haya kuuliza tena. Mama mkwe alikuwa mkali. Nisimdhulumu lakini: siku zote arobaini alinikanda yeye kwa maji ya moto, na uji alinipikia yeye.

Mtoto alikuwa ameshaukumbatia ule ulionyooka. "Ni huu," akasema. "Ndio mzuri."

Kaka yake akaninong'oneza, "Mwambie ndio, bibi. Nani atajua?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Ningesema ndio, tungekunywa madafu, tungerudi Tanga wote tumeridhika. Lakini nilikumbuka zile Ijumaa zote nilizosema kalala. Uongo ninaosema katika jambo hili umeshatosha.

"Mama," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "sina hakika. Huenda ni huo, huenda ni ule."

Akaachia mti. Uso ukamshuka. "Si ulisema unajua?"

"Nilisema. Nilikosea."

"Sasa nani anajua?"

"Anayejua ni mmoja tu. Bibi yake alikuwa akimwonyesha alipokuwa mdogo kama wewe."

Hakuuliza ni nani. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu, muda mrefu. Yule mama wa Kipemba akaendelea kukuna nazi taratibu, kama hasikii, nami nilimshukuru moyoni. Mwisho mtoto akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa simu, kaka yake akambonyezea pa kurekodi sauti.

"Shikamoo," akasema kwenye simu. "Minazi iko miwili. Wako upi?"

Akanirudishia haraka kama imemuunguza.

Jumamosi mwanangu yuko kazini, hashiki simu ovyo. Tuliaga, tukaenda kula wali na samaki kwenye kibanda cha karibu na kivuko. Kila nikitia tonge mdomoni naulizwa, "Imejibu?" Kaka mtu akamtania, "Si ulikuwa humjui?" Akapigwa kijiko cha mkono. Nilipaswa kumkanya mpigaji, lakini aliyepigwa alikuwa amejitakia.

Ilijibu tukiwa tunanawa. Sauti ya mwanangu ilikuwa chini, nadhani alijificha jikoni, na mwanzoni haikuwa imara.

"Marahaba, mwanangu. Wangu ni ule uliopinda, wa kisimani. Ule mwingine ni wa binamu yangu. Nilikuwa nikiuegemea nikila ubwabwa kila siku, ndio maana ukapinda."

"Mnazi haupindi kwa kuegemewa," kaka mtu akasema.

"Wewe ulikuwepo?" akamjibu mdogo wake. Kisha akanigeukia. "Nilishika ambao siyo. Turudi."

Gari letu lilikuwa linakaribia kuondoka. Magoti yalikuwa yananiuma, na jua ndilo hilo. Nikafikiria kumwambia tutakuja siku nyingine, kisha nikaona kwamba siku nyingine nayo ni namna ya kusema kalala. Tukarudi. Kichochoro, jiwe, ukuta. Safari hii aliruka jiwe kabla yangu.

"Hodi!"

"Karibuni! Mmesahau nini tena?"

"Mti," akasema.

Yule mama alicheka mpaka akaegemea nguzo ya jiko. Mtoto hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kisimani, akaupima mnazi uliopinda kwa macho, akageuka, akauegemeza mgongo wake pale penye tumbo la mti. Akaniomba simu. Mwanangu bado alikuwa hewani, nikampigia.

Nilitaka kusogea nisikie. Nilijizuia. Alizunguka upande wa pili wa shina, ikabaki kuonekana sketi na kiatu kimoja. Alikaa huko muda, hata yule mama akamaliza nazi yake na gari letu likaondoka bila sisi. Mara moja nilisikia kicheko, lakini siwezi kusema kilikuwa cha nani, cha mtoto au cha kwenye simu.

Kaka yake alikuwa amesogea karibu kuliko mimi. Akarudi akiwa na uso wa mtu aliyeiba embe.

"Bibi, amemwita mama."

Mimi sikusikia kwa masikio yangu. Naandika kama alivyosema yeye.